Tairi Mpya Ziende Nyuma, Atieno

Atieno,

Nawasikia mkicheka huko nje. Babako amekalia kile kiti cha plastiki kama mgeni wa heshima, Mama Hadija anagawa pilau, na wewe uko hapo katikati yao umevaa ile nguo ya kijani, kila mtu anakupongeza. Mimi nimejifungia ndani. Nimewaambia kichwa kinaniuma. Kichwa hakiniumi hata kidogo. Nimekasirika, na nikitoka na hasira hii nitawaharibia wageni chakula, kwa hivyo nimeketi kitandani na kalamu na karatasi nilizochana kwa daftari lako la chuo. Utayasoma haya upende usipende.

Mwandiko utauvumilia. Mkono wangu unaujua.

Kesho unaenda Kericho. Kazi umepata, ya kuzungukia wafugaji na dawa za ng'ombe, gari ndogo umenunua kwa jasho lako mwenyewe, na mimi nilifurahi mpaka nikalia, hiyo uliona. Mama mwingine angekuandikia sasa ule vizuri, ufunge mlango mapema, uchunguze marafiki, utafute kanisa. Sitaandika hayo. Wewe ni mtu mzima, na hata ukilala njaa siku moja utakula kesho yake. Mimi niko na jambo moja tu, na ni lile ulilonifungia mdomo leo mchana pale Kawangware, mbele ya watu.

Nataka zile tairi mbili mpya ziende nyuma.

Ndiyo. Bado niko hapo hapo. Ulidhani nikinyamaza nimekubali? Ulidhani kwa sababu nilibeba mkoba wangu nikaenda kusimama kando ya yule mama wa mahindi choma, basi yameisha? Hayajaisha, mwanangu. Yamenikaa hapa kifuani tangu saa hiyo.

Chama chetu cha akina mama kilikununulia tairi mbili. Nne hatungeweza, na mbili zile si mchezo, kina mama wa hapa walijinyima ndio wazipate, na nitawashukuru mpaka nife. Tukaenda nazo kwa Karis, kwa sababu babako hajui fundi mwingine Nairobi hii isipokuwa Karis wa Kawangware. Tairi mpya kabisa, bado ziko na zile nywele nywele za mpira. Karis hakuuliza mtu. Akapiga jeki mbele. Mimi nikasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, sikupiga kelele, "Karis, hizo ziweke nyuma."

Akanicheka. "Mathe, mbele ndio kuko na injini. Mbele ndio kunavuta, mbele ndio kunakata kona. Nyuma inafuata tu."

Babako naye akadakia, huyo hawezi kuona mdomo wa mtu umefunguka asiingize wake. "Na polisi akikusimamisha anaangalia wapi? Mbele! Akiona tairi iko poa anakuachilia unaenda. Nani huinama kuangalia nyuma ya gari?"

Mama Hadija akasema na picha je. Chama kinataka picha ya zawadi yao, na tairi ikiwa nyuma picha itatoka na matako ya gari. Wakacheka wote. Hata hapo sikuumia. Mama Hadija ni rafiki yangu, na picha ni picha.

Kisha wewe. Wewe niliyekubeba. Ukaniangalia vile mtu huangalia mtoto anayesumbua dukani, ukasema, "Mum, na wewe huendeshi gari. Wacha fundi afanye kazi yake."

Atieno. Hata sasa nikiandika hayo maneno moto unaniwaka masikioni. Si kwa sababu umenikosea adabu, adabu tutaongea siku nyingine. Ni kwa sababu hayo maneno niliwahi kuambiwa, na yule aliyeniambia alikuwa babako, na nikayameza. Nilivyoyameza ndivyo nilivyopoteza mkono.

Sasa ngoja nikuambie ile ya Kericho. Najua utasema unaijua. Unajua ya babako. Ya babako ni kichekesho, ameisimulia kwa matanga, kwa harusi, kwa kila mgeni aliyewahi kukanyaga nyumba hii. Ati gari ilikata densi, ikageuka ikaangalia Nairobi, ikasema haiendi matangani, na Mama Atieno akatokea kwa mlango na sufuria kichwani. Watu wanashika mbavu. Na mimi kwa miaka yote hiyo nimecheka nao. Nimecheka, Atieno, mkono ukiwa chini ya leso ili usionekane! Hilo ndilo kosa ambalo siwezi kujisamehe, hata kuliko lile la kunyamaza. Nilimwachia babako aigeuze hadithi ikawa ya kuchekesha, na wewe ukakua ukiisikia hivyo. Utajuaje basi?

Ilikuwa hivi. Babako alikuwa na ile gari nyeupe ya stesheni wagoni aliyokuwa akibebea watu mizigo. Tairi zote nne zilikuwa zimekwisha, akapata mbili mpya, na bila shaka akaziweka mbele. Kwa nani? Kwa Karis huyo huyo, akiwa kijana bado. Sababu zilikuwa hizo hizo za leo, injini na polisi. Mimi nilikuwa msusi wakati huo. Kibanda changu kilikuwa Kawangware, karibu na stendi, na jioni babako akipita ananichukua. Naketi kiti cha nyuma kwa sababu mbele kumejaa mizigo ya wateja wake. Kwa hivyo hiyo gari mimi niliijua kutoka nyuma. Babako aliijua kutoka mbele tu.

Mvua ikaanza. Siku moja tunateremka Ngong Road, barabara imelowa, babako anakata kona kidogo tu, nikasikia nyuma inaenda. Sikuona kitu. Nilisikia kwa makalio yangu, nikuambie vile ilivyo. Ilikuwa kama mtu ameshika kiti changu akakivuta kando polepole, kisha akakirudisha. Nikamwambia, "Baba Atieno, huku nyuma kunateleza."

Akasema, "Mbele iko sawa kabisa. Usukani uko imara."

Siku nyingine tena. Nikamwambia tena. Alikuwa na rafiki yake hapo mbele siku hiyo. Akageuza shingo akaniambia, "Mama Atieno, unajua kuendesha? Basi kaa." Rafiki yake akacheka. Na mimi, yawa, nikakaa. Nikajiambia kweli, najua nini mimi, kazi yangu ni nywele. Sikuwa na maneno ya kueleza kile nilichosikia. Ningesema nini, kwamba makalio yangu yamesema? Nikaona aibu. Nikanyamaza kwa ajili ya aibu, wala si kwa ajili ya heshima, ingawa watu walidhani ni heshima.

Kisha tukaenda nyumbani Siaya kwa matanga ya shangazi yake. Wewe tulikuacha kwa Mama Hadija, ulikuwa bado unatambaa. Tulipofika kwenye mashamba ya majani chai, upande huu wa Kericho, mvua ikateremka vile huteremka huko. Utaiona mwenyewe, huko mvua haiombi ruhusa, kila mchana inakuja tu. Babako hakuwa anakimbia. Hilo nitamtetea nalo. Tukafika kona, gari ikaja upande ule mwingine ikiwa katikati ya barabara, babako akagusa breki. Akagusa tu.

Mbele ikashika vizuri sana. Ndiyo, kwa sababu tairi zilikuwa mpya! Nyuma ikaondoka. Haikupiga honi, haikutoa onyo. Babako anasema mpaka leo kwamba usukani ulikuwa imara mikononi mwake mpaka ile dakika aliyoona barabara tuliyotoka iko mbele ya kioo. Namwamini. Usukani hausemi habari za nyuma. Tukaingia mtaroni kwa upande wangu, mlango ukajikunja, na mkono wangu wa kulia ukiwa hapo katikati.

Walinitoa wakanilaza kwenye nyasi, mvua inaninyeshea usoni. Nikageuza kichwa na tairi ya nyuma ilikuwa hapo, karibu na macho yangu kama vile karatasi hii iko karibu sasa. Ilikuwa kipara. Hakuna mstari hata mmoja, laini kama sufuria iliyosuguliwa. Na kule mbele, ile nyingine, zile nywele za mpira bado hazijaisha. Nikaangalia hii, nikaangalia ile. Sikuhitaji fundi kunieleza. Nilijua hapo hapo, na bado sikusema. Babako alikuwa amepiga magoti kwenye matope analia akiita jina langu. Utamwambiaje mtu hivyo wakati huo? Nikasema nitamwambia tukifika. Kisha nikasema nitamwambia nikipona. Kumbe kabla sijapona yeye alikuwa ameshapata maneno yake: mafuta barabarani. Ati lori lilimwaga mafuta. Mvua ile, mafuta yatakaa wapi?

Namjua babako. Akikubali kwamba ni tairi, itabidi akubali pia kwamba nilimwambia. Na akikubali nilimwambia, itabidi auangalie mkono huu kila asubuhi nikimpa chai. Mafuta barabarani ni rahisi zaidi. Nampenda na nimemkasirikia, yote mawili, kwa pamoja, kwa miaka mingi, na nimechoka kuficha hiyo ya pili.

Ulikuwa unajua mimi nilikuwa nani, Atieno? Watu walitoka mtaa wa Nyayo Highrise, wanapita saluni kubwa kubwa, wanakuja kwa kibanda changu cha mabati Kawangware, kwa sababu hakuna mtu alikuwa anasuka mistari midogo kama mimi. Mteja alikuwa analala nikimsuka. Sasa vidole hivi viwili havikunjiki. Kusonga ugali naweza, kufua naweza kidogo, kushika kalamu kama unavyoona. Kuvuta unywele mmoja mmoja, basi. Wewe umekua ukidhani mamako anauza nguo za mitumba kwa sababu anapenda mitumba. Sipendi mitumba. Nachukia ile harufu.

Nasikia mtu anakuja. Ngoja.

Alikuwa babako. Amesimama mlangoni, hakuingia, anauliza chapati ziko wapi. Nikamwambia kwa hotipoti, juu ya kabati, pale huwa kila siku tangu tuoane. Akauliza kichwa je. Nikamwambia kiko. Akasema, "Kuja basi kidogo, watu wanakuuliza. Na nataka kuwaambia ile ya Kericho, si ndio mtoto anaenda huko."

Nikamwangalia. Hajui anasema nini, huyo mtu. Uso wake ulikuwa na furaha tupu. Nikamwambia, "Waambie." Akaenda.

Turudi kwa tairi, kabla sijaanza kulia hapa bure. Karis anasema nyuma inafuata tu. Muulize, ikikataa kufuata? Nikueleze vile nimeelewa, na nimeuliza madereva wengi, kila anayeleta marobota ya mitumba namuuliza, wengine wananicheka, wengine wananijibu vizuri. Tairi za mbele zikiteleza, unajua. Usukani unakuwa mwepesi mikononi, gari inakataa kukata kona, inataka kwenda moja kwa moja. Unashtuka, unatoa mguu kwa mafuta, inapunguza mwendo, inashika tena. Angalau umepewa habari. Lakini za nyuma zikiteleza hupewi habari yoyote. Ukijua, umeshageuka. Na mvua ndiyo inatafuta tairi iliyoisha mistari, kwa sababu maji hayana pa kupitia, gari inaelea. Ukiweka nzuri mbele, ile mbele inakudanganya. Inakuambia barabara iko salama, na wewe unaingia kona na imani yako yote, na huku nyuma hakuna mtu.

Na wewe hutabeba mtu nyuma wa kukuambia. Utabeba maboksi ya dawa.

Ati polisi anaangalia mbele. Polisi akuangalie mbele, akuangalie juu, akuangalie chini! Akikukamata kwa tairi mbovu utaongea naye, utamlilia, utanipigia simu. Ile kona huwezi kuiongelesha. Sisi hapa tumezoea kuweka kizuri pale kinapoonekana. Hata mimi, usidhani najitoa. Pazia nzuri iko dirisha la barabarani na huku chumbani nimefunga leso. Sina neno na pazia. Pazia haijawahi kuua mtu.

Sasa wameanza kucheka. Ameanza kusimulia. Amefika pale gari inakata densi, naisikia sauti yake ikipanda. Na ninakusikia wewe. Kicheko chako nakijua hata katikati ya umati wa soko la Toi. Unacheka, Atieno. Unacheka mamako akitoka na sufuria kichwani.

Nimeweka kalamu chini.

Sasa nimerudi, na nitakuambia nilichofanya, ili asubuhi usianze kuuliza majirani na kumshuku mtu asiye na hatia.

Nilipitia mlango wa jikoni. Gari yako iko pale nje ya geti, kwa ukuta. Hakuna aliyeniona, wote mlikuwa mnamwangalia babako. Nilichukua ile spana kubwa kwa buti ya gari, nikasema nitatoa hizi tairi mwenyewe nizibadilishe. Usicheke. Niliona Karis akifanya, si uchawi. Nikaweka spana kwa nati ya kwanza, nikavuta. Haikusonga. Nikavuta kwa mkono wa kushoto, nikakanyaga kwa mguu, nikaning'inia juu yake kama nyani. Haikusonga hata kidogo. Karis anakaza nati huyo, hilo nampongeza. Nikaketi pale chini kwenye vumbi na nguo yangu ya wageni, nikalia kwa hasira. Hasira kwa nati, hasira kwa babako, hasira kwako. Hasira kwangu mimi zaidi ya nyinyi wote, kwa sababu ningesema yale maneno wakati ule kwa sauti niliyo nayo leo, ningekuwa na mkono wa kufungua nati.

Kisha nikakumbuka kibiriti kiko mfukoni. Nikatoa kijiti, nikafungua kile kifuniko kidogo cha pale pa kutilia upepo, nikabonyeza. Pssss. Vidole viwili vinatosha kwa hiyo kazi. Nilikuwa namaliza ya kwanza nikasikia mtu nyuma yangu.

"We, Mama Atieno! Unafanya nini?"

Alikuwa Mama Hadija, amebeba maji ya kumwaga.

Nikamwambia, "Natoa upepo."

"Tairi zetu?"

"Zenu, na hizo zingine pia. Zote. Gari haitoki hapa kesho mpaka zile mpya zirudi nyuma."

Nikangoja anigombeze. Ana haki, ni mwenyekiti, ni yeye aliyezunguka mlango kwa mlango akichangisha. Akaweka beseni chini. Huko ndani ya geti babako alikuwa amefika mwisho wa hadithi, watu wanapiga makofi. Mama Hadija akasikiliza hayo makofi, akaangalia mkono wangu. Huyo ndiye aliyekulisha uji nikiwa hospitali. Ndiye aliyeninawisha nywele nilipotoka, kwa sababu sikuweza kuziinulia mkono. Hajawahi kucheka kwa hiyo hadithi, unajua? Mimi ndio nimegundua leo. Miaka yote ikisimuliwa huwa anaenda kuangalia chungu.

Akasema, "Si ungeniambia kule Kawangware ndio hiyo?"

"Nilisema."

"Ulisema tairi. Hukusema mkono."

Akavua bangili, akazitia kifuani, akachuchumaa upande ule mwingine. "Lete kijiti," akasema. "Picha nimeshapiga."

Basi tukamaliza mbili mbili. Nimempigia Karis simu, atakuja asubuhi na pampu na jeki. Alitaka kubishana, ati mathe, mwenye gari ni Atieno. Nikamwambia tairi ni za chama, na chama ni mimi na Mama Hadija, na tukisema zinaenda nyuma zinaenda nyuma. Akasema sawa lakini mbele ndio. Nikamwambia, "Karis!" Akasema sawa mathe.

Hizo kuukuu zitakuja mbele, na bado ni kuukuu, kwa hivyo kwenye mvua uende polepole, watu wakipiga honi nyuma yako wapige. Ukipata mshahara ununue mbili zingine. Na hizo pia, Atieno, hizo mpya zaidi, ziweke nyuma, hizi za chama zihamie mbele. Fundi wa huko atakucheka. Atakuambia injini iko wapi. Mwambie unajua injini iko wapi.

Na siku ukisikia kitu hakiko sawa, kwa gari, kwa kazi, kwa mwanamume, kwa mwili wako, usingoje mpaka upate maneno mazuri ya kukieleza. Mimi nilingoja maneno. Sema tu kunateleza. Watakuuliza unajua nini, waambie hujui, lakini kunateleza. Sema mara ya pili wakiwa na marafiki zao. Sema mara ya tatu ukiwa peke yako umevimba kwa aibu. Na mtu akikuambia hivyo wewe ukiwa umeshika usukani, awe mama mzee, awe nani, punguza mwendo kwanza ndio umuulize kama ana leseni.

Babako nitamwambia kesho. Nitamwambia mbele yako, Karis akiwa hapo chini ya gari. Sijui atafanya nini. Labda atanyamaza, labda atasema mafuta. Lakini ile hadithi haitasimuliwa tena nyumba hii nikiwa hai, hilo nimeapa.

Kazi yako inaanza Jumatatu, kesho ni Jumapili, Kericho si mbinguni. Utafika. Karatasi hizi naenda kuzibana kwa kioo cha gari sasa hivi kabla wageni hawajatoka. Utaamka mapema vile huwa, utatoka na mifuko yako, utakuta gari imeketi chini kama kuku anayetaga, na utapiga kelele mpaka mtaa wote uamke. Najua kelele zako, ni zangu.

Usimpigie babako. Kuja unipigie mimi, nitakuwa mlangoni. Niambie nimekuaibisha, niambie mimi ni mshamba, niambie sijui gari. Nuna, mwanangu. Nuna njia nzima mpaka Kericho, nuna mwaka mzima usinipigie simu hata Krismasi. Nitavumilia. Mradi unune ukiwa mzima.

Mamako